Ulipokuwa ukilala mchana kutwa

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, nimesimama jikoni. Wauliza mwaka ule wa korona, nikikuona umelala mchana kutwa, nilikuwa nafikiri nini. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, nikaona nitalia, nawe ukinisikia nalia hutasikiliza tena maneno. Ndipo nikachukua kalamu.

Nilifikiri wewe ni mvivu. Nianze na hilo, maana ndilo la kweli.

Chuo kilipofungwa Machi 2020 ulikuja Mombasa na begi moja, ukidhani ni wiki mbili tu. Vitu vyako vikabaki Nairobi, na mwenye nyumba akawa anadai kodi ya chumba kisicholala mtu. Babako hoteli ilishamrudisha nyumbani, watalii hakuna. Nikikukuta umejifunika gubigubi saa sita za mchana nasema moyoni: sisi twahangaika, huyu analala.

Kisha tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale, hakuna kutoka wala kuingia, nasi tumo katikati ya Ramadhani. Wajua mtaa wetu wa Kibokoni ulivyo mwezi ule: viazi karai, kaimati, watoto njiani hadi usiku wa manane. Mwaka ule misikiti imefungwa, kafyu inaanza kabla hatujamaliza futari, kimya hata paka akiruka juu ya bati wamsikia. Kila siku twawasha televisheni, Waziri wa Afya Kagwe ataje idadi ya wagonjwa wapya, twazima.

Sasa hili ndilo linalonichoma. Kila nikiamka kupika daku nakukuta ngazini, na ile simu yako iliyopasuka kioo. Nikafurahi! Nikampigia mamako mdogo kujisifu: siku hizi simwamshi, yeye ndiye aniamshaye, Mungu amemshika mkono. Kumbe hukuwa umeamka. Hukuwa umelala.

Na futari ikawa tende moja na maji, kisha wapanda darini, wasema watafuta mtandao. Niliamini, kwa sababu masomo yenu yalikuwa ya intaneti na bando nililokununulia asubuhi lilikwisha kabla ya mwalimu kumaliza. Lakini siku moja nilipanda na nguo za kuanika, nikaikuta simu chini, imezimwa, nawe umekaa watazama bahari. Nilipita mbele yako na beseni, hukunisikia. Nikaanika shuka mbili na kanzu za babako. Nikashuka.

Ulijaribu kuniambia, sikatai. Mkono wangu ulikuwa umo kwenye unga wa kaimati uliposema, "Mama, sipati usingizi, na kifua chanibana." Nikakujibu, "Watu wanakufa, wewe walilia usingizi?" Hukurudia tena.

Aliyenifumbua macho ni yule jirani yetu muuguzi, siku chache kabla ya Idi. Mimi nilikuwa nakuteta kwake, si kwamba nataka ushauri. Akaniuliza imekuwa muda gani. Nikasema tangu mfungo uanze. Akasema mtu akikosa usingizi na hamu ya kula, na kilichokuwa kikimfurahisha hakimfurahishi tena, ikapita wiki mbili, huo si uvivu wala si jini, ni maradhi, na yana matibabu kama presha yangu. Mimi nilikuwa nishamwita maalim akusomee. Kukusomea sijuti. Najuta kwamba nilidhani yatosha.

Hata hapo sikukimbia kukutafutia daktari, na wewe wajua. Neno lililonijia kichwani lilikuwa Port Reitz, hospitali wanakopelekwa wagonjwa wa akili, na nani atakuja kuposa nyumba ambayo binti yao kapelekwa Port Reitz. Wewe una miaka ishirini na moja huwezi hata kumeza tende ya pili, mimi nawaza posa. Mpaka babako, ambaye hasemi kitu, aliposema, "Mtoto kwanza," na mji ulipofunguliwa mwezi wa sita mkaenda nyinyi wawili. Mimi nilibaki nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Machi 2022 nilisikia redioni Shirika la Afya Duniani limesema wasiwasi na sonona viliongezeka kwa robo nzima duniani katika mwaka ule wa kwanza, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Neno sonona, yaani huzuni iliyo maradhi, ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia. Nilizima jiko, nikakaa. Vijana na wanawake, na wewe ulikuwa yote mawili, chini ya dari yangu.

Sasa nami nikuulize, kwa sababu wakati ule sikuuliza. Usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani ile ulipanda darini baada ya futari, hukushuka hadi adhana ya alfajiri. Nilikuwa macho kitandani nikihesabu. Ulikuwa wafanya nini huko juu? Ukiwa tayari kuniambia, nipigie baada ya isha, babako akiwa bado msikitini.

Mamako