Haiku kwenye kompyuta ya UEFI: shughuli iko kwenye patisheni ndogo

Haiku, mfumo wa uendeshaji ulio mrithi huru wa BeOS ya zamani, husakinishwa haraka mno. Kisha unazima, unawasha, na Windows inafunguka kana kwamba hukufanya lolote.

BIOS ya zamani ilisoma sekta ya kwanza ya diski na kutekeleza kilichomo. UEFI, mrithi wa BIOS katika kuwasha kompyuta, hutafuta faili la .efi ndani ya patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT iitwayo ESP. Haiku yenyewe inakaa kwenye BFS, mfumo wake wa mafaili ambao UEFI haiwezi kuusoma, na usitegemee kisakinishi chake kikuwekee chochote kwenye ESP. Kazi hiyo ni yako.

Kwanza, punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa sababu itabidi uzime Secure Boot (kinga ya UEFI inayozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka), na hapo Windows huweza kuudai. Usipuuze hili hata kama una haraka.

Washa Haiku kutoka kwenye flashi, fungua DriveSetup, programu yake ya kugawa diski. Angalia vizuri: mstari wa juu ni diski nzima, patisheni zimejipanga chini yake. Amri ya kufomati ikitolewa mstari wa juu umechaguliwa, jedwali la GPT, yaani orodha ya patisheni zote, linafutika pamoja na kila ulichonacho. Chagua nafasi tupu tu, tengeneza patisheni, ifomati kwa BFS, kisha sakinisha.

Sasa fungua ESP na unakili humo haiku_loader.efi kutoka /system/data/platform_loaders. Wengi hushauri uliite BOOTX64.EFI na kuliweka kwenye EFI/BOOT. Kama Haiku iko peke yake, sawa. Kama inaishi na wenzake, mimi sikubali: faili la jina hilo huenda ni la mfumo mwingine, nawe utakuwa umelifuta. Tengeneza folda EFI/HAIKU, liweke humo, kisha sakinisha rEFInd, menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, italiona yenyewe. Mwenye Linux anaweza kutumia amri ya efibootmgr kuingiza Haiku kwenye orodha ya UEFI, ila baadhi ya mashine husahau maingizo hayo, ndiyo maana napendelea rEFInd.

Ikiwaka halafu ikaganda kwenye zile ikoni za mwanzo, anza upya na ubonyeze kitufe cha nafasi mara tu Haiku inapoanza kupakia. Menyu itatokea, chagua kiendeshi salama cha picha. Mara nyingi tatizo huwa kadi ya picha, patisheni zako hazina kosa.