Kabla ya kuliamini kasha: kampuni za kupanga madaraja ya sarafu

Miaka minne iliyopita nilinunua kupitia intaneti sarafu ya rupia mbili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya mwaka 1893, pande la fedha lenye sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ilikuwa imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye lebo, daraja la hali ya sarafu na namba ya cheti cha kampuni inayoheshimika ya kukagua sarafu, na nakiri kwamba nilinunua lebo kuliko nilivyonunua sarafu. Ilipofika Dar es Salaam niliingiza namba ile kwenye tovuti ya kampuni, nikaikuta, mwaka uleule na daraja lilelile, nikaridhika. Wiki moja baadaye ndipo nilipokaa na kuitazama kwa utulivu picha iliyoambatana na namba hiyo. Sarafu ya kwenye picha ilikuwa na doa jeusi chini ya kidevu cha Kaisari, nayo yangu haikuwa na doa lolote.

Walaghai walikuwa wameghushi vyote viwili, sarafu na kasha, kisha wakachukua namba ya cheti cha sarafu halali ya mtu mwingine. Nililivunja kasha na kupeleka kilichokuwamo kwa sonara ninayemfahamu. Rupia mbili halali ina uzito wa gramu 23.32, lakini mizani yake ilisimama kwenye 20.9. Tangu siku hiyo watu wengi wameniuliza kama kampuni hizi zinaaminika, na jibu langu huwa refu kwa sababu swali lenyewe ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja.

Kampuni mbili kubwa zaidi, PCGS na NGC, zilianza Marekani mwaka 1986 na 1987, wakati biashara ya sarafu ilipokuwa imejaa ugomvi wa muuzaji anayeapa kwamba sarafu haijawahi kutumika na mnunuzi anayeona wazi kwamba imeshachakaa. Mtu wa tatu asiyenunua wala kuuza angeamua. Unapeleka sarafu yako, wataalamu zaidi ya mmoja wanaikagua, kisha inapewa daraja kati ya 1 na 70 na kufungwa kwenye kasha. Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuingia kwenye mzunguko.

Swali la kwanza ni kama sarafu ni halali. Hapo ninaziamini kampuni kubwa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa zina vifaa, zina kumbukumbu za picha nyingi kuliko mkusanyaji yeyote, na hutoa dhamana ya fedha zikikosea, ingawa dhamana hiyo ina masharti yanayofaa kusomwa neno kwa neno.

Swali la pili ni hali ya sarafu, na hapo unanunua maoni ya watu. Hakuna mashine inayotenganisha 63 na 64; kuna jicho la mtaalamu, mwanga wa taa yake na uchovu wake wa mchana. Rupia yangu ya mwaka 1890 ilirudi mara ya kwanza na daraja la 58. Nilipoitoa kwenye kasha na kuipeleka tena kwa kampuni ileile, ilirudi na 55. Sarafu haikuwa imeguswa, na tofauti hiyo ingenipunguzia bei kwa kiasi cha kuumiza. Simtuhumu mtu kwa udanganyifu. Hata sokoni kwao jambo hili linajulikana: mwaka 2007 John Albanese, ambaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NGC, alianzisha CAC, kampuni inayokagua upya sarafu zilizokwisha kupewa daraja na kubandika alama ya kijani kwenye zile zinazostahili daraja lake. Kama namba zote zingekuwa na uzito uleule, kazi hiyo isingekuwapo.

Jambo lililotugharimu zaidi katika familia yetu, hata hivyo, halikuwa kosa la kampuni. Marehemu mjomba alituachia pesa za shaba za Zanzibar za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zilizotolewa na Sultani Barghash bin Said, zile zenye picha ya mizani upande mmoja. Zilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Kabla ya kuzipeleka, ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alizisugua kwa ukwaju na majivu kama zinavyosuguliwa sufuria za shaba za arusi, zikang'aa na kuwa za waridi. Zote zilirudi na lebo isiyo na namba ya daraja, yenye maelezo tu kwamba zimesafishwa. Chini ya lenzi ukiinamisha sarafu unaona mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, inayopita juu ya herufi na kuingia mabondeni, na hakuna namna ya kuifuta. Nawasihi sana wenye sarafu za wazee: msioshe, msisugue, wala msipake mafuta. Rangi ile ya uzee ndiyo inayotafutwa.

Fikirieni pia gharama. Ada hupanda kadiri thamani ya sarafu inavyopanda, na juu yake kuna usafirishaji, bima na safari ya kurudi. Kwa shilingi ya kawaida ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, iliyopita mikononi mwa maelfu ya watu, ada peke yake inaweza kuzidi bei ya sarafu. Iwekeni kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu.

Zipo sarafu chache ambazo kwa hizo nabadilisha msimamo kabisa. Mojawapo ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani mwaka 1916 katika karakana ya reli Tabora, vita ikiwa imewazingira na kuwakatia njia ya bahari. Kwa kuwa ilipigwa kwa vifaa vya karakana, hata zilizo halali hutofautiana, jambo linalowapa waghushi pa kujificha, nao wameiga sana. Kijana mmoja aliniletea mbili kutoka kwa muuzaji aliyedai kuzifukua, zikiwa wazi, bila kasha. Nilimwambia asilipe chochote hadi zipite kwa kampuni kubwa, na zikirudi afungue picha ya kila namba, aiweke kando ya sarafu iliyo mkononi mwake, na alinganishe kila mkwaruzo kabla ya kutoa fedha.