Jibu kwa mama anayetamani saa moja ya utulivu: sisi tulicheza upatu

Dada yangu mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema una wavulana wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, mnaishi katika vyumba viwili vya kupanga, shule zimefungwa, na tangu asubuhi hadi usiku unawafokea mpaka sauti inakukauka. Kisha ukauliza kama ni dhambi mama kutamani watoto wake waende kwa bibi yao hata mwezi mzima ili apate kimya. Waliotangulia kukujibu wamekuhimiza uvumilie na umshukuru Mungu. Mimi nilivumilia na kushukuru kwa miaka mitatu na kelele hazikupungua, kwa hiyo nitakueleza yaliyotokea baada ya hapo.

Nina watoto wanne. Wa kwanza ni msichana, wanaomfuata ni mapacha wa kiume, na kitindamimba ni msichana. Nilipojifungua mapacha nilikuwa nimeajiriwa, na sheria ya ajira hapa Tanzania ilikuwa inampa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja likizo ya siku 100 badala ya 84. Nakumbuka nilivyozipangia zile siku 16 za nyongeza nikiamini kwamba ni za kulala. Wenye mapacha watanielewa, na wasio nao niwaache na furaha yao.

Wakati ninaousimulia, binti mkubwa alikuwa na miaka tisa, Kulwa na Doto miaka sita, na mdogo wao mitatu. Tulikuwa tumepanga Ukonga, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba viwili na sebule isiyo na dari, hivyo kila sauti ilipanda hadi kwenye bati na kurudi chini ikiwa kubwa zaidi. Kulwa akiruka kutoka kwenye kochi, Doto naye sharti aruke, kisha wabishane nani kafika mbali, kisha mdogo alie kwa kuwa zamu yake haikuhesabiwa, na dada mtu aje jikoni kunishtakia wote watatu kwa mpigo. Baba yao akirudi saa moja usiku huwakuta wameoga na wanasinzia, halafu huniuliza kwa upole kabisa nimechoshwa na nini.

Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili nilitoka kwenda kuanua nguo. Nilikuwa nimezitundika kanga zangu kwenye kamba mbili zinazokaribiana, nami nikajikuta nimesimama katikati yake, kanga mbele na kanga nyuma, zikiwa bado na ubaridi wa maji na harufu ya sabuni. Hakuna aliyeniona na hakuna aliyeniita. Sikuanua hata kitambaa. Nilisimama tu, nikisikia jinsi upepo unavyozipeperusha na kuzirudisha, na ninakiri kwamba machozi yalinitoka bila sababu ninayoweza kuitaja. Haikupita dakika tano, sauti ikatokea chini: "Mama, mbona miguu yako naiona?" Alikuwa kitindamimba, ameinama mpaka shavu limegusa mchanga. Kanga iliyokuwa mbele ya uso wangu ilikuwa na jina la Nani Kama Mama, nami nilikuwa ninalisoma kwa upande wa nyuma, herufi zikiwa zimegeuka.

Usiku ule ndipo nilipoanza kujiuliza ninachotaka hasa. Sikutaka watoto wapoe, kwa sababu mtoto aliyepoa kutwa nzima huwa ana homa, na mama yeyote anaujua woga wa nyumba iliyonyamaza ghafla. Nilitaka muda ambao jina langu halitajwi. Nilipolitazama jambo kwa namna hiyo, nikaona kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yangu: kwa kuogopa bodaboda zinazopita uchochoroni nilikuwa ninafunga geti tangu asubuhi, nikiwadai watoto wanne watulie katika sebule ambayo kochi na meza vimeshaijaza nusu. Baadaye nilisoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaosema kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anapaswa kuwa katika mwendo kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku. Nilicheka peke yangu. Kumbe wangu walikuwa wanazitimiza kikamilifu, ila juu ya makochi yangu.

Simu niliijaribu kabla ya hapo, na kwa kuwa wengi hapa wameipendekeza, nitaigusa kidogo. Inaleta kimya, siwezi kukataa, lakini ni kimya cha mkopo. Nikiichukua simu, ugomvi niliouahirisha ulinirudia na riba yake.

Kilichonisaidia kilitoka kwenye mchezo wa fedha. Mimi na majirani wawili tulikuwa tunacheza upatu wa kila wiki, na siku moja tukiwa tunakabidhiana mmoja wetu akasema kwa utani kwamba pesa anayo, anachokosa ni saa mbili za kulala, laiti nazo zingechezewa upatu. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kisha tukaanza kupanga siku. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe alikuwa hajaanza kujenga. Tulikubaliana kwamba siku tatu kwa wiki, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, mama mmoja anakaa pale na watoto wote, wakicheza rede, kombolela na chandimu, na wale wawili wanabaki majumbani mwao peke yao. Mwenye zamu ya kulinda haruhusiwi kuwarudisha watoto kabla ya saa, isipokuwa kwa damu au mvua.

Siku yangu ya kwanza ya kupokea nilikuwa nimeloweka beseni mbili za nguo. Sikufua hata moja. Nilikaa kwenye mkeka nikaegemea ukuta ili nipumzike kidogo, na nilichokisikia baadaye ni geti likigongwa. Niliamka nikiwa nimelala ubavu, alama za ukindu zimejichora shavuni, na maji ya nguo yameanza kunuka. Watoto walirudi wamejaa vumbi, wakanywa maji, wakala, na mapacha wakasinzia mchana kwa hiari yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu waanze darasa la awali.

Usidhani kwamba upatu wetu ulikwenda vizuri wakati wote. Katika mwezi wake wa kwanza Doto alimng'oa jino mtoto wa jirani kwa kiwiko. Kwa bahati lilikuwa la utoto na lilikuwa linalegea. Jambo zito zaidi lilikuwa hesabu: jirani mmoja alikuwa na mtoto mmoja tu, mimi wanne, na baada ya wiki kadhaa alianza kuja kwenye zamu yake akiwa amenuna. Alikuwa na haki. Mwanachama anayeweka kidogo na kupokea kingi huua upatu wowote, kwa hiyo nikajitolea kulinda zamu mbili kila wanapolinda moja, na nikaona bado nimepata faida.

Kuhusu bibi, sioni dhambi, ila uangalie umri wake. Wangu niliwapeleka kwa mama yangu Muheza, Tanga, mapumziko ya mwezi wa sita, msimu wa machungwa, nikijiona nimepata dawa. Siku mbili za kwanza nilizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu; ya tatu nikaanza kuifurahia; ya tano mama yangu akapiga simu: "Mwanangu, hivi hawa watoto huwa unawafunga kamba?" Tangu hapo ninawapeleka wawili wawili, wiki moja moja.

Neno moja la pembeni, dada. Umeandika kwamba hata wakiwa wamelala wewe hupati usingizi na chakula hakipiti. Hilo usilihesabu pamoja na kelele. Nenda kituo cha afya ukawaeleze kama ulivyotueleza sisi, kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inafanana sana na uchovu na haiondoki kwa kupumzika.

Kwa mengine, tafuta jirani mmoja tu mwenye watoto wa rika hilo, muanze na siku mbili kwa wiki, na mkubaliane mapema ni nani atakayebeba maji ya kunywa. Sisi hatukukubaliana, na ugomvi wetu mkubwa kuliko wa jino ulikuwa wa dumu la lita tano.