Rangi tunazipenda, tunaogopa kuzivaa peke yetu

Mleta mada anauliza kwa nini ukipita Kariakoo nguo za watoto zimejaa twiga, maua na njano ya kuumiza macho, halafu ukivuka upande wa wakubwa unakuta nyeusi, kijivu na bluu iliyokolea. Wengi mmemjibu kwamba wenye maduka ndio hawatuletei. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, mwaka wa 14 huu, nashonea wakubwa na watoto kwenye meza moja, na hilo la maduka silikubali. Kwangu mteja anakuja na kitambaa alichochagua mwenyewe, na bado mambo ni yaleyale.

Hesabu ya kitambaa ipo, tusiikatae. Gauni la mtoto wa miaka mitatu linakula yadi moja na nusu, marinda humohumo. La mama yake, refu la mikono, ni yadi nne. Akikosea rangi ya mtoto amepoteza hela ndogo, na mwakani halimtoshi tena. La kwake anataka liende ofisini, liende kanisani, na msiba ukimkuta ghafla liende msibani. Nyeusi inashinda hapo.

Halafu kuna ukubwa wa ua. Vitenge vingi ua lake ni kama sahani ya wali. Kwa mtoto nalikalisha moja tu katikati ya kifua, kazi imeisha, kapendeza. Kwa mtu mzima yanakuwa maua manane au tisa, na yote yanatakiwa yakutane ubavuni na kwenye zipu ya mgongoni. Ukizubaa, ua zima linakwenda kukaa makalioni. Nimeshafanya hivyo, nikalipa kitambaa cha watu. Siku hizi nikiona ua kubwa namwambia mteja aongeze yadi, akikataa namrudishia.

Ila kuna dada mmoja anafanya kazi Posta alinifundisha jambo lingine. Alikuja na kitenge cha njano chenye kasuku wa kijani. Akakitandaza mezani, akajipima kifuani, akajitazama kwenye kioo changu kilichopasuka pembeni. Jamani, ile njano na weusi wake! Nikamwambia, "Dada, hiki cha kwako kabisa." Akacheka. "Aa, fundi, watasema natoka kwenye sarakasi. Mshonee mtoto." Yeye akaacha vipimo vya sketi nyeusi.

Miezi miwili baadaye karudi na wenzake kumi na mmoja, sare za sendofu. Njano kali kuliko ya kile kitenge cha kasuku, mgongo wazi. Hakuuliza hata mara moja kama itamkaa. Kamati ilishasema njano.

Wanaume msicheke. Siku ya Simba na Yanga simameni barabarani huku kwetu Temeke muwaangalie wanaokwenda Uwanja wa Mkapa. Baba ambaye wiki nzima ni shati la bluu lililopauka, leo njano na kijani mpaka soksi, au nyekundu kuanzia kofia. Sasa mwambie avae rangi hiyohiyo kazini siku ambayo hakuna mechi. Na khanga za mama zetu zina rangi gani ambayo haipo? Lakini nyingi ukizivaa hivyo zilivyo, mwisho wake ni getini.

Mtoto hangoji kamati. Binti yangu wa miaka mitano juzi katoka na gauni la Idi la zambarau na viatu vya kuwaka taa, anakwenda dukani kwa Mangi kununua chumvi. Hakuna aliyemshangaa. Mwakani anaanza darasa la kwanza, shati jeupe na sketi ya bluu kama wenzake wote, na mimi ndiye nitakayemshonea.

Kwa anayetaka kuanza taratibu, mwambie fundi wako aweke kitambaa cha rangi kwenye bitana, ndani ya kola au kwenye mifuko. Kipande tu kinatosha. Loweka kwanza usiku mzima, maana vipo vitenge vinavyochuja, na vikichujia kwenye blauzi nyeupe utanitafuta mimi.

Yule dada wa Posta ile sketi nyeusi aliifuata mwezi uliopita. Kabla sijaikunja akaniuliza kama kile kitenge cha mtoto kilibaki. Kilibaki, kama robo yadi. Nikafumua mifuko, nikaweka kasuku. Akaivaa palepale dukani, akaingiza mkono, akautoa, akaingiza tena. Kisha akavuta kitambaa kidogo tu, kichwa cha kasuku kikachungulia, akakirudisha haraka na kuniuliza anadaiwa kiasi gani.