Akaunti Niliyoisahau Mwanjelwa Sasa Inanidai

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mkulima wa parachichi hapa Tukuyu. Mwaka 2018, nilipokuwa nikinunua viazi Uporoto na kuvisafirisha kwenda Dar es Salaam, nilifungua akaunti ya biashara katika benki moja pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu mteja wangu mkubwa alitaka kunilipa kwa njia ya benki tu. Biashara ilinishinda, na mara ya mwisho kuigusa akaunti hiyo ilikuwa Oktoba 2019, nikaacha humo shilingi 41,000. Laini ya simu niliyoiandikisha benki ilifungwa mwanzoni mwa 2020 kwa kuwa sikuisajili kwa alama za vidole.

Mwezi uliopita niliomba mkopo wa miche katika benki nyingine, nikaambiwa kwamba kumbukumbu zangu zinaonyesha deni la shilingi 271,000. Nilipokwenda Mwanjelwa, dada wa kaunta alinieleza kuwa ni ada za mwezi pamoja na ovadrafti, yaani mkopo wa kutumia zaidi ya kilichomo katika akaunti, akanishauri nilipe yaishe. Sijawahi kuomba ovadrafti maishani mwangu. Je, nilipe? Na je, wanaweza kuchukua fedha katika akaunti ya mke wangu, au katika akaunti ya kikundi chetu ambacho mimi ni mweka hazina wake, kwa kuwa zote ziko katika benki hiyohiyo? Nakala ya taarifa ya akaunti nimeiambatanisha.

Msomaji, Tukuyu

JIBU

Ndugu yangu, usilipe leo, lakini pia usikae kimya. Deni hili si kitu kimoja, ingawa limeandikwa kwa tarakimu moja chini ya karatasi, na kosa ambalo wengi hulifanya wakiwa wamesimama kaunta huku foleni ikisukuma nyuma yao ni kulibeba lote kana kwamba kila shilingi iliyomo ina uzito sawa.

Nimeisoma taarifa uliyoiambatanisha, mstari kwa mstari. Kila mwisho wa mwezi benki ilikata shilingi 5,900, yaani ada ya kuendesha akaunti ya shilingi 5,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, kodi ambayo imekuwa ikitozwa kwenye ada za benki tangu Julai 2016. Kuanzia Novemba 2019 hadi Aprili 2020 makato hayo yalikula shilingi 35,400, zikabaki 5,600. Ada ya Mei 2020 haikutoshelezwa, na hapo ndipo penye mstari ninaokuomba uupigie alama kwa kalamu nyekundu: salio limeandikwa 300, na pembeni yake pana herufi mbili ndogo, DR, ambazo maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo si benki iliyokuwa na fedha zako, bali wewe ndiwe uliyehesabiwa kuwa na fedha za benki. Ada ziliendelea kwa miezi 36 zaidi, hadi Mei 2023, na kulifikisha deni kwenye shilingi 212,700. Shilingi 58,300 zilizobaki zimeandikwa kuwa ni riba na faini za ovadrafti.

Kwa hiyo kuna mafungu matatu. Shilingi 41,000 za mwanzo, ambazo zilikuwa zako na hazimo katika zile 271,000 unazodaiwa, nakushauri uzisahau, kwa kuwa ulitia saini mkataba wa akaunti yenye ada ya kila mwezi na hukuifunga ulipoacha kuitumia.

Fungu la pili, la shilingi 212,700, lina mjadala. Iombe benki kwa maandishi ikupe nakala ya mkataba wa 2018, orodha ya ada iliyokuwa ikitumika kwa kila mwaka, na tarehe ambayo akaunti yako ilihesabiwa kuwa imelala. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Benki huwa na utaratibu wa kuiweka kando akaunti isiyofanyiwa muamala wowote na mwenyewe kwa muda fulani, na ikiwa utaratibu wa benki yako unasema ada husimama akaunti inapolala, basi kila shilingi 5,900 iliyokatwa baada ya siku hiyo imekatwa kinyume cha utaratibu wao wenyewe, na kodi iliyoambatana nayo inapaswa kurudishwa pamoja nayo. Ikiwa utaratibu wao hausemi hivyo, bado unayo haki ya kuuliza ni huduma gani ilitolewa kwa miaka mitatu katika akaunti ambayo haikuingia wala kutoka kitu, na kuomba usamehewe sehemu au zote. Maombi ya namna hiyo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila lazima yaandikwe, kwa sababu mtumishi wa kaunta hana mamlaka ya kusamehe chochote.

Fungu la tatu ndilo linaloniuma. Ovadrafti ni mkopo. Mteja huuomba, benki humpima, kikomo huwekwa, riba hutajwa, na pande zote mbili hukubaliana. Makato ya benki yenyewe kuisukuma akaunti chini ya sifuri ni jambo jingine, hata kama mfumo wa kompyuta unayaita kwa jina hilohilo. Waombe wakuonyeshe karatasi, au kipengele cha mkataba, ambapo uliikubali riba hiyo. Wasipokuwa nacho, wadai kwa heshima na kwa uthabiti kwamba shilingi 58,300 zifutwe zote.

Barua yako ipeleke katika nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zilizotolewa na Benki Kuu ya Tanzania, zinaitaka benki imweleze mteja wazi ada na masharti yake, na iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Benki Kuu hupokea lalamiko baada ya wewe kuanza na benki yako, na ndiyo maana muhuri ule una thamani. Huhitaji kusafiri hadi Dodoma au Dar es Salaam, kwa kuwa Benki Kuu ina tawi lake Mbeya mjini.

Wakati unasubiri majibu, usiweke hata shilingi elfu kumi katika akaunti hiyo kwa nia ya kuonyesha wema. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilidaiwa na akaunti niliyokuwa nimeisahau, nikaona aibu, nikalipa palepale na kuondoka nikiwa mwepesi. Malipo yangu yaliiamsha akaunti, ada ikaanza upya, na baada ya miezi miwili nilikuwa nadaiwa tena, kwa sababu nililipa deni bila kuifunga. Siku mtakapokubaliana kiasi, lipa na utie saini fomu ya kuifunga siku hiyohiyo, kisha usitoke bila barua inayosema kwamba akaunti imefungwa na hudaiwi chochote. Risiti zile za karatasi laini hufutika zenyewe, hivyo zitolee nakala mapema.

Barua hiyo ndiyo itakayokusaidia katika mkopo wa miche. Benki iliyokukatalia iliona deni hilo katika kumbukumbu za mikopo, ambazo hapa nchini hutunzwa na kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet kutokana na taarifa zinazopelekwa na benki zenyewe. Iandikie benki ya Mwanjelwa irekebishe taarifa iliyoipeleka, halafu uombe ripoti yako uione kwa macho yako kabla ya kurudi kuomba mkopo. Namba yako ya sasa ya simu nayo iandikishe. Namba ya zamani inaweza kugawiwa mtu mwingine, na si vema ujumbe wa fedha zako uishie kwake.

Sasa mke wako na kikundi. Mikataba mingi ya benki ina kipengele kinachoiruhusu benki kufidia deni lako kutoka katika akaunti yako nyingine iliyo kwake, lakini akaunti yenye jina la mke wako peke yake si yako, na deni hili halimhusu isipokuwa kama alitia saini kuwa mdhamini. Akaunti ya kikundi ni mali ya kikundi, na wewe ni mtia saini tu. Hata hivyo, mweleze mwenyekiti wako mapema, ukiwa na taarifa ya akaunti na nakala ya barua yenye muhuri mkononi. Mweka hazina anayedaiwa na benki ileile inayotunza fedha za wenzake ni habari inayosafiri haraka katika vijiji vyetu, na ni afadhali aisikie kutoka kwako, pamoja na hesabu zake kamili, kuliko aipate mnadani.