Unga wa ashwagandha na dawa ya tezi

SWALI: Usingizi umenipotea kwa miezi mitatu. Nimepewa unga wa mzizi wa ashwagandha, mmea wa dawa za asili wa India, na vidonge vyake vya miligramu 300. Kila asubuhi nameza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo. Nianze na kipi, kiasi gani?

JIBU: Kwa sasa usianze na chochote. Ashwagandha inaweza kupandisha homoni za tezi hiyohiyo unayoitibu. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na huo usingizi unaoutafuta huzidi kukukimbia. Mwone kwanza daktari wako. Akikuruhusu, homoni zipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Unga na vidonge hivyo havilingani kipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Unga ni mzizi mkavu uliosagwa tu. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hutumika gramu 3 hadi 6 kwa siku. Vidonge vingi hutengenezwa kwa mkamuo uliokolezwa, na tafiti nyingi za usingizi na msongo wa mawazo zilitumia miligramu 300 mara mbili kwa siku, kwa wiki 8 hivi. Anayechota mkamuo kwa kijiko kama unga hujizidishia dozi mara nyingi. Soma lebo: iseme ni mzizi, na itaje asilimia ya withanolidi, yaani kemikali kuu za mmea huu. Majani yana withaferini A, mojawapo ya kemikali hizo, nyingi zaidi, wala si mbadala wa mzizi.

Ukiruhusiwa unga, anza na gramu 1 ndani ya kikombe cha maziwa, uchemke kwa moto mdogo dakika 5, unywe baada ya chakula cha jioni. Tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha. Harufu kali ni yake (jina lenyewe kwa Kisanskriti ni harufu ya farasi), ila ukinusa ukungu, utupe. Usichanganye na vidonge vya usingizi. Nafuu iliyoonekana katika tafiti ni ya wastani, na usalama wake zaidi ya miezi 3 haujapimwa vya kutosha.

SWALI: Je, mjamzito anaweza kuitumia?

JIBU: Hapana, hata kidogo. Mwenye ugonjwa wa ini naye aiache, maana wapo watumiaji waliodhurika ini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukakolea kama chai ya rangi au mwili ukawasha, acha siku hiyohiyo, nenda hospitali na kopo lake mkononi.