Anakula, mbona misuli inaisha?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana saratani ya kongosho. Chakula tunajitahidi, na siku nyingi anamaliza sahani, lakini mapaja yanazidi kusinyaa. Kipimo cha damu cha CRP kimekuja juu, tukaambiwa mwili una inflamesheni. Hiyo inahusianaje na misuli kuisha? Na nikimnunulia ibuprofeni, itasaidia?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kwanza ondoa wazo kwamba mnamlisha vibaya. Mtu mwenye njaa ya kawaida huchoma zaidi mafuta na misuli yake hulindwa kwa muda. Akipata chakula, anarudi. Hali ya baba yako huitwa kakeksia. Hapa misuli hubomolewa hata mafuta yakiwa bado yapo, na chakula peke yake hakiwezi kuirudisha yote. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba dalili yake kuu ni uzito kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila mgonjwa kushinda na njaa. Saratani ya kongosho ni miongoni mwa zinazoileta mara nyingi zaidi.

Seli za saratani, pamoja na seli za kinga zinazoizunguka, humwaga kwenye damu protini ndogo za kupeleka ujumbe, yaani saitokini. Zinazotajwa sana ni TNF-alfa, interlukini-1 na interlukini-6. Zikifika kwenye seli ya msuli huamsha njia za ndani za kupitisha ujumbe, kama NF-kB na STAT3, na seli huanza kutengeneza kwa wingi vimeng'enya viwili, atrojini-1 na MuRF1, vilivyotambuliwa mwaka 2001. Kazi yake ni kuzibandika protini za msuli alama iitwayo ubikwitini. Protini yenye alama hiyo huvutwa ndani ya proteasomu, yaani mashine ya seli ya kuvunja protini, na kukatwa vipande. MuRF1 hulenga hasa mayosini, protini inayoufanya msuli ujikunje. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kushindwa kuinuka kitini wakati mizani bado haijashtua mtu, hasa akiwa na maji tumboni yanayoficha kukonda.

CRP yenyewe ni protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na mchochota (ndiyo hiyo inflamesheni), na hutengenezwa na ini kwa amri ya interlukini-6. Ini linahitaji asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, kwa kazi hiyo, na nyingi huchotwa kwenye misuli. Wakati huohuo mchochota hupunguza hamu ya kula kupitia ubongo, na hufanya protini iliyoliwa ijenge msuli kidogo kuliko kawaida. Lakini usiishie kulaumu saratani tu: kwa ugonjwa huu mrija wa nyongo unaweza kuziba, na maambukizi yake nayo hupandisha CRP. Akiwa na homa, kutetemeka au macho ya njano, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu ibuprofeni, nakusihi usimpe bila daktari wake kujua. Inaweza kudhuru figo na kuleta vidonda tumboni, na hatari ya kuvuja damu huongezeka tiba ya kemo inaposhusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Hata dawa za kuzuia TNF peke yake, kama infliximabu na etanersepti, zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani na hazikuzuia kukonda. Saitokini ni nyingi; ukizima moja, nyingine zinaendelea. Steroidi huleta hamu ya kula kwa wiki chache, ila zikitumika muda mrefu nazo hula misuli. Mwaka 2024 utafiti wa ponsegromabu, kingamwili inayozuia GDF-15, protini inayopunguza hamu ya kula, ulionyesha wagonjwa wakiongezeka uzito. Inatia moyo, ingawa bado iko kwenye majaribio.

Kinachosaidia leo ni kutibu saratani yenyewe inapowezekana, protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kutuliza maumivu na kichefuchefu, na mazoezi mepesi ya nguvu, hata kuinuka na kukaa kitini mara kadhaa. Msimlazimishe kula hadi akachukia chakula. Na chunguzeni choo chake: kikiwa na mafuta, kinaelea na kunuka kupita kawaida, chakula kinapita bila kusagwa. Mwombeni daktari vidonge vya vimeng'enya vya kongosho, anywe pamoja na mlo, si baada ya kumaliza.